Mitambo ya Upepo Baharini: Cape Cod na Block Island

Mwaka 2001 ilipopendekezwa mitambo ya upepo, ambayo baadaye ilipangwa kuwa 130, katika Nantucket Sound, bahari iliyo kando ya rasi ya Cape Cod, jimboni Massachusetts nchini Marekani, wakazi wengi wa pwani waliipinga, akiwemo Seneta Edward Kennedy, ambaye nyumba ya familia yake ilitazamana na bahari hiyo. Wenye nyumba walilalamikia mandhari, wavuvi walihofia nyavu zao, na Wawampanoag, wenyeji wa asili wa eneo hilo, ambao kwa maoni yangu ndio waliokuwa na hoja nzito zaidi, walisema mitambo ingewaziba upeo wa mashariki, wanakolilaki jua kwa ibada. Mradi ulikufa mwaka 2017.

Block Island, katika jimbo jirani la Rhode Island, mitambo ni mitano tu, lakini iko karibu zaidi na ufuko, takriban kilomita 6. Hata hivyo wakazi wengi waliikubali, ingawa si wote. Kisiwa hicho kilitegemea majenereta ya dizeli, ghali na yenye kelele, na kebo iliyokuja na mradi ilikiunganisha na bara, hivyo majenereta yakazimwa mwaka 2017. Cape Cod hapakuwa na jenereta la kuzimwa. Kilichoonekana ni mandhari tu ambayo wakazi walitakiwa kuitoa sadaka.