TAHADHARI: Anakufungia filta feki, halafu anaondoka na boksi lako orijino

Wakuu, hasa wenye IST, Vitz na magari mengine madogo hapa Dar. Kuna jamaa anauza mtandaoni filta za hewa za koni, zile zinazokaa wazi bila boksi, na mabomba yake, anakufuata ulipo na kukufungia bure. Someni hapa kabla hamjamtumia hela. Mimi ameshanila shilingi 180,000, na hela siyo inayoniuma zaidi.

Aliniambia, "Bosi wangu, hii orijino ya Marekani. Gari litavuta balaa, na mafuta yatapungua asilimia 20." Nikaingia. Alifunga kwa nusu saa, nje ya geti langu. Alipomaliza nikamwona amebeba lile boksi jeusi la filta lililokuja na gari. Nikamuuliza la nini. "Hili sasa takataka, kaka, nakusaidia kulitupa." Nikamwachia. Nilikosea sana.

Siku ya tatu taa ya injini ikawaka. Kwenye foleni gari linatetemeka kama linataka kuzima, ukikanyaga mafuta linachelewa kuitikia. Nikalipeleka kwa fundi wangu, mzee wa siku nyingi. Akachomeka mashine, ikasoma P0171, yaani petroli ni kidogo kuliko hewa inayoingia.

Sababu akanionyesha. Baada ya filta kuna sensa yenye uzi mwembamba unaopashwa moto. Hewa ikipita inaupoza, na kwa hapo kompyuta ya gari inajua hewa imeingia kiasi gani, ndipo inamwaga petroli ya kutosha. Hesabu hiyo imepangwa kufuata upana wa njia ya hewa ya kiwandani. Bomba la jamaa ni pana zaidi, hewa inapita taratibu mbele ya uzi, kompyuta inadhani imeingia kidogo, inabana petroli. Tena tundu la sensa halikuwa saizi yake. Alilijaza silikoni, na pembeni hewa inavuja.

Kisha mzee akaichomoa koni. "Pitisha kucha hapa, mwanangu." Pale mikunjo ya filta inapokutana na mpira, gundi ilikuwa imeachia, kucha yangu ikazama yote. Akachukua kitambaa cheupe, akakisukuma kwa kidole ndani ya bomba, upande ambao hewa inatakiwa iwe imeshachujwa. Kilitoka na vumbi la kahawia, laini kama poda. Siku tisa tu, na barabara ya kwetu haina lami. Vumbi hilo ni mchanga. Likiingia kwenye silinda linasaga ringi za pistoni na kuta za silinda, baadaye gari linaanza kula oili, na mwisho wake ni kufungua injini. Hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Na ile asilimia 20 ni uongo mtupu. Maabara ya Oak Ridge ya Marekani ilipima mwaka 2009: kwenye magari ya kisasa ya petroli, hata filta iliyoziba haikubadilisha sana ulaji wa mafuta, ilipunguza tu nguvu ya gari kuchanganya mwendo. Sasa filta mpya itakuokolea mafuta gani? Tena koni ikikaa wazi ndani ya boneti inavuta hewa ya moto. Hewa ikitoka nyuzi 30 ikafika 60, uzito wake unapungua karibu asilimia 9, na nguvu inashuka.

Sisemi kila koni ni mbaya. Wapo wanaofunga zenye kinga ya joto na bomba lenye kipimo sahihi, na wanarekebisha kompyuta. Ila kwa IST ya kwendea kazini, filta ya kawaida ya karatasi ndani ya boksi lake inatosha. Unabadilisha kwa wakati, na mapema zaidi kama unapita kwenye vumbi.

Sasa boksi. Nilipolihitaji nikampigia jamaa, akaniblock. Nikaingia kwenye ukurasa wake kwa simu ya mke wangu. Nikakuta tangazo: "Boksi la IST, used ya Japani, 120,000." Picha ya pili, kibanio kimoja kimefungwa waya wa shaba, ncha imezungushwa kama pete. Waya ule niliufunga mimi mwenyewe mwaka jana kibanio kilipovunjika.

Biashara yake ndiyo hiyo. Anakuuzia feki, anachukua orijino yako, anamuuzia mwenzako ambaye koni imeshamshinda.

Risiti ya EFD hakutoa, na jina lililotokea nilipolipa si lile analojitambulisha nalo. Ujumbe, muamala na picha nimepeleka polisi na Tume ya Ushindani, ndiyo maana jina la ukurasa siliandiki hapa. Mliofungiwa naye mnamjua. Kama aliondoka na boksi lako, pitia picha zake taratibu, tafuta mkwaruzo, stika, alama yoyote unayoikumbuka. Ukiiona, piga skrinishoti kabla hajafuta, kisha nitumie ujumbe twende pamoja.