Uzoefu wangu: Safari ya boti kutoka Lamu hadi magofu ya Faza, panapoitwa "nyumba ya haramia"

Nilipokwenda Lamu kwa arusi ya mtoto wa dada yangu, sikuwa na nia ya kutembea mbali zaidi ya Shela. Siku ya tatu, hata hivyo, kijana mmoja anayetembeza wageni alitukuta gatini na kutueleza kwamba boti yao huenda kisiwa cha Pate ili watu waione nyumba ya haramia mkuu wa Kituruki iliyoko Faza. Mimi ni mzaliwa wa Malindi na nimefundisha historia katika shule za sekondari kwa miaka 22, kwa hiyo nilitambua mara moja kwamba anamkusudia Mir Ali Bey, na nilijua pia kwamba sijapata kusoma popote kuwa mtu huyo alijenga nyumba Faza. Nilikubali kwenda kwa sababu Faza yenyewe nilikuwa nimeisomesha miaka yote hiyo bila kuitia machoni, na jambo hilo lilikuwa limeanza kunitia haya.

Tulikuwa watu sita wa ukoo mmoja, tukakodi boti nzima kwa shilingi 18,000, yaani shilingi 3,000 kwa kila mmoja, pamoja na maji ya kunywa na kiongozi wa kututembeza. Chakula cha mchana tulilipa mbali. Kwa anayetaka kujua hukumu yangu kabla ya kusoma yote, nasema kwamba boti ilikuwa nzima, maboya ya kujiokolea yalitosha watu wote na nahodha alihakikisha tumeyavaa, kiongozi aliijua kazi yake, lakini waliopanga safari hawakuyaheshimu maji, na jina waliloipa safari hii si la kweli. Pamoja na hayo, nawasihi mwende.

Kuhusu maji, nitaeleza kwa urefu kidogo kwa sababu ndiyo yaliyotupotezea nusu ya siku. Boti zinazotoka Lamu kwenda Pate hupita Mkanda, ule mkondo mwembamba wenye mikoko pande mbili unaotenganisha kisiwa cha Manda na bara, na Mkanda haupitiki kwa raha ila maji yakiwa yamejaa. Tuliambiwa tuwe gatini saa kumi na mbili asubuhi, nasi tulifika kwa wakati, lakini boti ilikuja saa mbili na nusu kwa kuwa ilikuwa imetumwa kwanza kupeleka wageni wengine Manda. Siku hiyo mwezi mpevu ulikuwa umepita kwa usiku mmoja tu, na kila mtu wa pwani anajua kwamba wakati wa bamvua, yaani siku za maji makubwa za mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji ya huku hujaa alfajiri na kupwa kabla ya adhuhuri. Tulipoingia Mkanda maji yalikuwa yakitoka kwa kasi, na haukupita muda tukasikia tumbo la boti likikwaruza mchanga, kisha tukasimama kabisa. Nahodha, mzee mtulivu ambaye kuchelewa hakukuwa kosa lake, alizima mashine, akatia nanga na kutuambia tusubiri maji yarudi. Tulisubiri zaidi ya saa tatu juani, na mama yangu mdogo, ambaye ana miaka 71, tulimtengenezea kivuli kwa leso mbili.

Siwezi kusema kwamba saa zile zilipotea zote, kwa sababu ndipo kiongozi wetu, kijana wa hukohuko Faza, ambayo wenyewe huiita pia Rasini, alipotusimulia habari za Mir Ali Bey, na mahali aliponiomba niongeze niliongeza. Wareno walimwita haramia. Kwa Waturuki alikuwa nahodha wa dola, aliyetoka Bahari ya Shamu mwaka 1585 akiwa na nguvu ndogo sana, akapita katika miji ya mwambao akitangaza kwamba jeshi kubwa la Sultani wa Istanbul linamfuata nyuma. Jeshi hilo halikuwapo, lakini watu waliochoshwa na ushuru na mabavu ya Wareno walimwamini, na mji baada ya mji ukampokea. Alichukua vyombo vya Wareno katika visiwa hivi, akamkamata hapahapa Lamu nahodha wao aliyeitwa Roque de Brito Figueira, kisha akarudi alikotoka na ngawira na mateka. Mji mmoja mkubwa ulikataa kumfuata, nao ni Malindi.

Kijana alipofika hapo alinitazama kwa adabu na kusema, "Samahani, mwalimu, huo ni mji wenu." Nilimjibu kwamba hana haja ya kuomba samahani. Nilikuwa nimewapeleka wanafunzi wangu kila mwaka kwenye nguzo ya Vasco da Gama, na nimewaeleza jinsi mtawala wetu alivyompokea Mreno huyo kwa ukarimu mwaka 1498 na kumpatia rubani wa kumvusha hadi Bara Hindi. Habari za urafiki ule nimezisimulia kila mara kutoka upande wa Malindi, ambako ulituletea ulinzi na heshima, na sikuwahi kukaa katika boti moja na mtu ambaye mji wake uliteketezwa na marafiki hao.

Uliteketezwa kweli. Mwaka 1587 meli za Wareno zilitoka Goa, makao yao makuu huko Bara Hindi, chini ya Martim Afonso de Melo kuja kuiadhibu miji iliyompokea Mturuki, na Faza, ambayo wao waliiandika Ampaza, ndiyo iliyoanza kuadhibiwa. Mtawala aliuawa pamoja na watu wake, mji ukachomwa moto na minazi ikakatwa. Mtu aliyelelewa pwani ataelewa maana ya kukata minazi: nyumba ya matumbawe inaweza kuezuliwa leo na kuezekwa tena mwakani, lakini mnazi hukaa miaka kabla ya kuzaa, na anayeukata amekusudia kwamba hata mtoto atakayenusurika asipate cha kula. Mir Ali Bey mwenyewe hakuwako siku hiyo, naye hakupata hata mkwaruzo. Alirudi mwaka 1588 na vyombo vichache, akajaribu kuishambulia Malindi kwa mizinga akafukuzwa, akajiimarisha Mombasa, na huko ndiko alikokamatwa mwezi Machi 1589, pale alipobanwa baina ya meli za Tomé de Sousa Coutinho baharini na wapiganaji wa Kizimba waliofika kutoka bara. Alipelekwa Goa na baadaye Ureno. Mtawala wa Lamu alikatwa kichwa kwa amri ya Wareno mwaka huohuo, kwa kosa la kushirikiana naye.

Maji yalirudi ilipopita saa sita mchana, boti ikanyanyuka, na saa saba na nusu mchana tukateremka Faza. Chakula tulikuwa tumekiagiza kwa simu katika nyumba ya mama mmoja jirani ya bahari, naye, ingawa tulichelewa kiasi kile, alikuwa ametuwekea wali wa nazi, samaki wa kuchoma, mchuzi wa ukwaju na achari ya embe, vyote vya moto. Kwa shilingi 400 kwa mtu sijala chakula kizuri zaidi ya hicho Lamu nzima. Alituuliza tumekuja kuangalia nini. Dada yangu akamjibu kwamba tumekuja kuiona nyumba ya haramia, na yule mama akashangaa waziwazi. "Nyumba ya nani, mwanangu? Mimi nimezaliwa hapa na mama yangu amezaliwa hapa. Kuna msikiti wa Kunjanja na kuna makaburi. Huyo mwingine simjui."

Kiongozi wetu aliinamisha kichwa. Baadaye, tulipokuwa tukitembea, alinieleza kwamba jina hilo lilitungwa na waliomwajiri, kwa kuwa wageni hawalipi kwa kusikia neno "msikiti" jinsi wanavyolipa kwa kusikia neno "haramia". Namsifu kwa kuniambia ukweli, na ndiyo maana lawama yangu naielekeza kwa wenye boti wala si kwake. Hakuna ushahidi kwamba Mir Ali Bey alikuwa na nyumba hapa. Alikuwa mgeni, na magofu haya ni ya waliompokea.

Kilichobaki cha msikiti wa Kunjanja kiko karibu kabisa na maji ya hori. Sehemu kubwa imekuwa kifusi, lakini upande wa kibla ungali umesimama, na mihirabu yake imechongwa kwa ustadi ulionifanya ninyamaze, pamoja na maandishi ya Kiarabu yaliyokatwa katika jiwe la matumbawe kwa mkono usiotetemeka. Fundi wa aina hiyo hulichonga jiwe lingali bichi, muda mfupi baada ya kutolewa baharini, kwa sababu likishakauka hugeuka gumu na kuukataa mkono. Nilipitisha kidole hewani juu ya herufi bila kuzigusa, na nawaomba wote watakaokwenda wafanye hivyohivyo, kwa maana mahali ambapo jiwe limeanza kumomonyoka kwa upepo wa chumvi panabomoka kama sukari. Sikuona uzio wala kibao kinachoeleza chochote. Mbuzi wawili walikuwa wamelala kivulini mwa ukuta. Jambo hili lilinihuzunisha zaidi ya kukwama Mkanda, kwa kuwa Mji Mkongwe wa Lamu umo katika orodha ya urithi wa dunia tangu 2001 na Gede imeingizwa mwaka 2024, na ukuta huu, ambao ni ndugu yao, unaachwa uanguke polepole.

Nje kidogo ya mji tulionyeshwa kaburi la Amir Hamad, jemadari wa Sayyid Said, Sultani wa Oman na Zanzibar, aliyeuawa mwaka 1844 katika vita dhidi ya Siyu, mji mwingine wa kisiwa hiki. Hatukukaa sana.

Kutoka hapo tulirudi ufukweni, na mama yangu mdogo akaketi juu ya jiwe akasoma Fatiha kwa ajili ya watu wa 1587. Hakuniuliza majina yao wala tarehe. Nilisimama karibu naye nikiwaza kwamba miaka michache tu baada ya kifo chao Wareno walianza kujenga Ngome ya Yesu huko Mombasa mwaka 1593 ili Mturuki mwingine asithubutu kuja, mtawala wa Malindi akahamia Mombasa chini ya kivuli chao, na mji wetu uliokuwa umeshinda ukaanza kupungua hadi ukawa kichaka. Katika madaftari ya wanafunzi wangu mambo hayo yameandikwa kama mambo mawili yaliyotengana, adhabu ya Faza katika ukurasa mmoja na kuanguka kwa Malindi katika mwingine. Ningepewa darasa leo, ningeyafundisha kwa siku moja na kwa pumzi moja.

Siyu, iliyokuwa imo katika malipo yetu, hatukuiona. Ngome yake ya karne ya 19 iko mwendo mfupi kwa pikipiki kutoka Faza, lakini nahodha alitutaka tuondoke saa kumi na nusu ili tupite Mkanda maji yakiwa yamejaa, na safari hii alikuwa na haki. Tulipita bila kugusa chini, jua likichwa nyuma ya mikoko ya bara, tukafika Lamu adhana ya magharibi ikiadhiniwa. Niliwaomba wenye boti waturudishie sehemu ya fedha kwa ajili ya Siyu. Walikataa kwanza, kisha wakaturudishia shilingi 3,000 baada ya nahodha mwenyewe kutusemea. Niliwaomba pia wabadilishe jina la safari. Walicheka, lakini kijana wetu hakucheka.

Kati ya nyota tano nawapa tatu: kiongozi, nahodha na yule mama wa Faza wangestahili zote tano, na aliyepanga saa hastahili hata moja. Atakayekwenda asikubali kuambiwa saa ya kuondoka kabla hajauliza mwezi una siku ngapi tangu kuandama. Mwezi ukiwa na siku saba au nane, maji hujaa katikati ya asubuhi, kwa hiyo mkiondoka gatini saa mbili mnapita Mkanda maji yakiwa bado yanapanda. Siku za bamvua ondokeni mara baada ya sala ya alfajiri au msiende kabisa. Chukueni kofia, leso, maji ya kutosha na fedha taslimu, na agizeni chakula siku moja kabla. Wanawake na wanaume wavae nguo za heshima, kwa kuwa mtapita mbele ya milango ya watu na ndani ya mipaka ya msikiti. Mkiweza, lala usiku mmoja kisiwani, ili Faza ipate asubuhi yake, Siyu ipate jioni, na siku ya pili mpite mji wa Pate, ambako wakulima hupanda tumbaku katikati ya magofu ya majumba ya Wanabahani, ukoo uliotawala Pate zamani.

Mimi nimekwisha kuzungumza na nahodha yuleyule. Tutarudi likizo ya Agosti, mwezi ukiwa na siku nane tangu kuandama, mama yangu mdogo akiwa wa kwanza katika orodha.