Kamera ya kioo cha mbele kwenye ndege ndogo ya Cessna 172: picha safi, GPS inapotea

Kamera hii niliinunua Kariakoo kwa Sh95,000. Ni ile ndogo ya kubandika kwenye kioo cha gari, na inakuja na chaja yake ya kuchomeka kwenye tundu la laita. Nilitaka kurekodi ninavyotua, kisha nikae na mwalimu wangu tuyaangalie makosa. Kwa kazi hiyo ni nzuri kweli: hata jua likiwa usoni picha haifi, na namba zilizochorwa kwenye njia ya kurukia zinasomeka. Sifa yake nimeitoa kwanza, maana inastahili.

Niliibandika juu kabisa ya kioo, katikati, karibu na dira, isinizibe macho. Tukaruka Tanga kwenda Zanzibar, kama kilomita 130. Hadi mdomo wa mto Pangani tulikuwa tunaufuata ufuo, kila kitu shwari. Tulipogeuka kukata bahari kuelekea Nungwi, kaskazini mwa Unguja, nikaiwasha kamera. Haikupita muda GPS ya kwenye paneli ikatoa onyo kwamba haijui tena ilipo. Tableti niliyoifunga kwenye usukani nayo ikafuata. Kile kindege cha kwenye ramani kikaganda juu ya maji. Injini moja, bahari chini, ukungu mwepesi mbele, na Nungwi bado haionekani. Niliogopa.

"Mwanangu, shika mwelekeo wa nyuzi 135 na utazame saa," mwalimu akasema. Kiashirio cha mwelekeo, kile cha gurudumu linalozunguka kisichotumia sumaku, tulikuwa tumekilinganisha na njia ya kurukia kule Tanga, kwa hiyo tulikiamini. Baada ya robo saa hivi ncha ya Nungwi ikatokea, kushoto kidogo.

Kesho yake, ndege ikiwa imeegeshwa mahali pa wazi, nilifanya jaribio ambalo ningepaswa kulifanya kabla ya safari. Nikawasha umeme wa ndege na GPS, nikafungua ukurasa unaoonyesha nguvu ya kila setelaiti. Setelaiti tisa, mistari mirefu. Nikawasha kamera: mistari ikaporomoka mmoja mmoja hadi zikabaki tatu, na ili GPS ikuambie uko wapi na kwa kimo gani inahitaji nne. Nikazima, mistari ikapanda. Nikarudia mara tano, majibu yale yale.

Nilidhani kosa ni la chaja, nikaiendesha kamera kwa pawabenki. Bado GPS ilipotea. Basi mhusika ni kamera yenyewe. Ila chaja nayo ina lake: nilipoichomeka peke yake bila kamera, redio ya mawasiliano ikaanza kukoroma kwenye masafa kadhaa. Chaja hiyo inakata umeme wa ndege wa volti 28 maelfu kwa maelfu ya mara kwa sekunde ili ipate volti 5, na chaja ya bei rahisi haina kichujio cha maana cha kuzuia makelele hayo yasitoke nje.

Kitu kidogo hivi kinaishindaje mitambo ya ndege? Setelaiti za GPS ziko kilomita zipatazo 20,200 juu yetu. Mawimbi yake, kwenye megahezi 1575.42, yanafika chini yakiwa dhaifu kuliko hata makelele ya umeme ya kawaida ya ndani ya kipokezi. Yanapatikana tu kwa sababu kipokezi kinaujua msimbo wa kuutafuta. Prosesa ya kamera inapiga mapigo ya kasi sana, na sehemu ya makelele yake huangukia kwenye masafa hayo hayo. Antena ya GPS ya ndege yetu iko juu ya paa, mbele. Kamera nilikuwa nimeiweka chini yake tu, hazikutengana hata nusu mita, na kati yao kulikuwa na kioo kisichozuia chochote.

Jingine lililonitia hofu zaidi nililigundua siku hiyo hiyo. Kishikio cha kamera kina sumaku. Nilipokisogeza karibu na dira, usomaji wake ulihama nyuzi kama kumi na tano. Kama mwelekeo tungeuchukua kwenye dira ile kule juu ya maji, sijui tungetokea wapi.

Kwenye gari sijaijaribu, kwa hiyo huko sina la kusema. Kwenye ndege ndogo naipa nyota moja, ya picha. Nilijaribu kuihamishia dirisha la nyuma ikitumia betri yake, mistari ikashuka kidogo tu, lakini betri inakaa dakika ishirini.

Sasa natumia kamera nyingine ya betri ya ndani, isiyo na sumaku, nimeifunga dirisha la nyuma kulia. Kabla ya kuruka nayo niliiwasha na kuizima mara kumi huku mwalimu akisoma ukurasa wa setelaiti. Mistari haikutikisika. Hii ya Kariakoo nimeitoa kwenye ndege pamoja na chaja yake, na wenzangu tunaorusha nao ndege hii nimewaonyesha jaribio lenyewe, kila mmoja kwa macho yake.