Gari la kukodi Muscat hadi Dubai: karatasi za mpakani na tabia za njiani

Kukodi gari Muscat na kuvuka nalo hadi Dubai kunafaa pesa yake kwa familia au kundi la watu watatu, wanne, mradi karatasi zikamilike kabla funguo hazijatoka ofisini. Safari ni kilomita 450 hivi, saa tano bila kuhesabu foleni ya mpakani, na lami ni safi mwanzo hadi mwisho. Ugumu uko kwingine. Dereva mgeni anaona vibao vilevile vya Kiarabu na Kiingereza, usukani kushoto, kilomita 120 kwenye barabara kuu, akadhani yuko nchi moja. Siyo. Imarati, yaani Falme za Kiarabu iliko Dubai, kosa la dereva linakamatwa na kamera. Oman, mara nyingi, linakamatwa na bonde la maji, mteremko au ngamia.

Tuanze na karatasi, maana hapo ndipo wengi wanarudishwa. Dai mulkiya (kadi ya usajili) halisi ya gari, barua ya ofisi inayoruhusu gari kutoka nje ya Oman, yenye jina la dereva kama lilivyo kwenye pasipoti, na bima inayotambulika ng'ambo, ile inayoitwa huku Ghuba kadi ya chungwa. Soma tarehe za bima: ikiisha siku moja kabla ya kurudi, hiyo siku moja unaendesha bila bima. Kama mtapokezana usukani, majina yote mawili yawe kwenye barua na kwenye mkataba. Na uliza swali ambalo ofisi nyingi hazilijibu mpaka ziulizwe: kadi ya chungwa inalipia madhara ya mtu wa tatu. Je, gari lenyewe likigongwa Imarati, nani analipa? Jibu liandikwe kwenye mkataba.

Mpaka wa kawaida ni Wajajah upande wa Oman na Hatta upande wa Imarati. Ukishavuka, usifuate E44 moja kwa moja hadi Dubai. Barabara hiyo ina kipande kinachokatiza ardhi ya Oman, na tangu 2016 wageni wasio raia wa Ghuba wanazuiwa hapo. Zunguka kwa E102 upande wa Sharjah.

Kwa dereva wa Kenya, Tanzania au Uganda, kazi ya kwanza ni mikono. Nchi zote mbili zinaendesha kulia. Kwenye kipilefti unazunguka kinyume na saa, na macho yanatazama kushoto, kwa sababu aliyemo ndani ya mzunguko ndiye mwenye haki. Kosa linalorudiwa ni kutazama kulia kwa mazoea, kuona peupe, kisha kuingia mbele ya gari linalotoka kushoto. Indiketa nayo iko mkono wa kushoto wa usukani. Aliyezoea gari lililoagizwa Japani atawasha waipa kila anapotaka kukata kona, hasa siku ya kwanza. Wenzetu wa Congo, Rwanda na Burundi wameshazoea kuendesha kulia.

Sasa mwendo. Magari mengi ya Ghuba yana kengele ndogo inayolia ukipita 120, tik-tik-tik bila kukoma mpaka upunguze. Dubai kamera zinaachia nyongeza ya kilomita 20 juu ya kibao: kibao kikisema 100, inapiga kuanzia 121. Abu Dhabi ilifuta nyongeza hiyo Agosti 2018. Kibao cha 140 ni 140, na 141 ni faini. Hakuna ukuta wala lango kati ya Dubai na Abu Dhabi, kwa hiyo dereva anaingia na mazoea ya jirani na kulipia kamera kadhaa kabla hajafika mjini. Ukungu ukishuka asubuhi, vibao vya umeme vya Abu Dhabi vinashusha mwendo hadi 80, na kamera zinafuata hiyo 80.

Oman haina barabara ya kulipia hata moja. Dubai ina Salik, malango kumi ya kulipia yasiyo na kizuizi ambayo unapita bila kupunguza mwendo. Tangu mwisho wa Januari 2025 kupita lango siku za kawaida ni dirhamu 6 saa kumi na mbili hadi saa nne asubuhi, na tena saa kumi jioni hadi saa mbili usiku. Nje ya saa hizo ni dirhamu 4, na ni bure kuanzia saa saba usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Jumapili ambayo si ya sikukuu hulipiwa 4. Gari la Oman lisilo na stika ya Salik lina siku kumi za kazi za kujisajili. Zikipita, faini zinaanza. Ulizia stika hii siku ya kukodi.

Faini zenyewe zinatofautiana mno. Kushika simu ukiendesha ni riyali 15 Oman, yaani kama dirhamu 143. Imarati kosa hilohilo ni dirhamu 800 na pointi nyeusi 4, yaani alama za adhabu kwenye leseni. Kumsogelea mno gari la mbele ni dirhamu 400 na pointi 4. Basi la shule likifungua mkono wake wa kusimamisha, simama mita 5 nyuma. Ukipita ni dirhamu 1,000 na pointi 10. Mtoto chini ya miaka 10 hakai kiti cha mbele. Huu ukali una faida inayoonekana: watu wa Dubai wanakaa kwenye njia zao wakijua kamera ipo.

Njia ya kushoto kabisa, katika nchi zote mbili, ni ya kupita tu. Ukimulikwa taa za fulu kutoka nyuma, mwenzako anasema nipishe. Washa indiketa, hamia kulia ukiona nafasi salama, usikanyage breki. Na foleni ikisimama ghafla mbele, madereva wa kwao huwasha hazadi sekunde chache kuwaonya wa nyuma. Fanya hivyo. Lakini kuendesha muda wote na hazadi kwenye mvua au ukungu ni kosa Abu Dhabi, kwa sababu wa nyuma hajui kama umesimama au unahama njia.

Wadi, yaani bonde la maji, ndilo jambo la kuheshimu kuliko yote. Barabara nyingi za Oman zinapita ndani ya kitanda cha bonde kavu, bila daraja. Mvua inanyesha milimani mbali, juu yako mbingu ni nyeupe, kisha maji ya kahawia yanafika na mawe ndani yake. Sentimita 30 za maji yanayokwenda kasi zinatosha kuinua gari dogo na kulisukuma pembeni, na chini ya maji hayo huwezi kujua kama lami bado ipo. Simama juu, zima gari, subiri. Mara nyingi maji hupungua ndani ya saa chache. Sheria ya Oman inampeleka jela hadi miezi mitatu anayevuka wadi lililojaa. Imarati ni dirhamu 2,000, pointi 23 na gari kushikiliwa siku 60. Bima nayo haitakuwa upande wako.

Jebel Akhdar, milimani Oman, usiende na gari dogo la saluni. Polisi wanasimama karibu na Birkat al Mouz na kurudisha gari lolote lisilo la 4x4. Wakati wa kushuka weka gia ya kwanza au ya pili na uache injini ishike mzigo. Harufu ya kuungua au pedali inayozama ni breki zilizochemka: egesha, subiri zipoe, usizimwagie maji. Kwenda Salalah, kusini mwa Oman, kupitia Haima, endesha mchana. Ngamia anagongwa miguu, mwili wake wote unaangukia kioo cha mbele.

Ajali ndogo ikitokea, piga picha, sogeza gari pembeni, piga 9999 Oman au 999 Imarati. Imarati gereji haigusi bodi bila karatasi ya polisi, na ofisi ya gari haitapokea gari bila hiyo karatasi.

Faini huchelewa kuonekana, ndiyo maana ofisi hushikilia amana baada ya gari kurudi. Kabla ya kukabidhi, tafuta namba ya gari kwenye tovuti ya polisi wa Oman na ya polisi wa Dubai, piga picha ya majibu yenye tarehe, na umpe mhudumu aweke kwenye faili la mkataba.