Cub Cadet 122 ya mwaka 1966: uzoefu wangu baada ya kuifungua yote

Nianze na hukumu, maana najua wengine mnasoma hapa huku tangazo la muuzaji mmeshalifungua kwenye simu. Kama unachotaka ni kukata nyasi Jumamosi na kuisahau mashine hadi Jumamosi ijayo, achana na trekta hili la bustani, Cub Cadet 122, kanunue mpya dukani. Lakini kama mikono inakuwasha ukiona spana, na unatafuta mashine ambayo kila kilichomo kimeundwa ili siku moja kifunguliwe, kwa bei yake sijaona ya kuishinda.

Naishi Minnesota. Yangu niliinunua kwa mzee mmoja mkulima aliyekuwa anapunguza vyuma ghalani kwake, dola 350. Haikuwa inawaka, tairi za nyuma zilikuwa zimechanika, na panya walikuwa wamehamia chini ya kava la feni. Ila ilikuja na deki (sehemu ya chini yenye visu vya kukatia nyasi) ya inchi 42 na bamba la kusukumia theluji, kwa hiyo sikubishana bei.

Kwa wasioijua: hizi zilianza kutoka kiwandani Louisville, Kentucky, mwaka 1961, na aliyeziunda ni International Harvester, kampuni ya matrekta ya shamba kabisa. Hilo ndilo la kulishika. Waliposhuka kutengeneza trekta la bustani hawakwenda kutafuta vyuma vyepesi, walichukua gia za trekta lao dogo la shamba, Cub, wakaziweka kwenye ekseli ya nyuma. Toleo la kwanza lilikuwa na injini ya Kohler ya nguvu za farasi 7 na mkanda katikati. 122 ilitengenezwa kati ya 1965 na 1967 ikiwa na Kohler K301, nguvu za farasi 12, silinda moja ya cc 476, na hapo mkanda wa kuendeshea ulishaondolewa: nguvu inatoka kwenye injini, inapita klachi na shafti, inaingia giaboksi moja kwa moja. Wapinzani wake wa enzi hizo, Wheel Horse za South Bend, Indiana, na John Deere 110, ziliendelea na mkanda. Mwaka 1981 jina la Cub Cadet likauzwa kwa MTD, na za baada ya hapo ni habari nyingine.

Sasa injini, maana ndiko pesa na usiku wangu vilikokwenda.

K301 inapozwa kwa hewa. Kwa hiyo kabla hujajaribu hata kuiwasha, fungua kava la bati linalozunguka feni na silinda. Viota vya panya na nyasi zilizokauka huziba mapezi ya kupoza, ukiwasha hivyohivyo injini inapika upande mmoja na hedi inapinda. Yangu ilitoa takataka za kujaza ndoo. Hedi nilipoifungua ilikuwa na kaboni nene kama lami, nikaikwangua, nikaisawazisha kwa msasa juu ya kioo kinene, nikaweka gasketi mpya.

Halafu kuna jambo linalowatisha wanunuzi bure. Ukipima kompresheni kwa geji, utasoma namba ndogo, na muuzaji mwenyewe atadhani injini imekufa. Haijafa. Kwenye kemshafti, shafti inayofungua valvu, kuna kifaa kinachoiacha valvu ya ekzosi wazi kidogo injini inapozungushwa taratibu, ili stata isihangaike. Ukitaka kuisikia kompresheni halisi, izungushe kwa mkono kinyume na mzunguko wake. Ikikukatalia kwa nguvu, ringi za pistoni zina uhai. Nimeshawahi kumshusha muuzaji bei kwa sababu yeye alikuwa hajui hili, na sioni aibu kulisema.

Umeme wake ni raha tupu. Pointi, yaani swichi ndogo inayokatakata umeme ili plagi itoe moto, haziko chini ya gurudumu la feni kama injini nyingi ndogo za zamani, ziko nje ubavuni mwa injini, chini ya kifuniko kidogo, na zinasukumwa na kijiti kinachotoka kwenye kemshafti. Unasafisha, unaweka nafasi ya inchi 0.020, yaani nusu milimita, plagi unaipa 0.035, koili na kondensa ukishahakikisha ni wazima basi moto unaruka wa bluu. Stata na jenereta ni kitu kimoja kinachovaa mkanda: inazungusha injini kwanza, ikishawaka inageuka kuchaji betri. Mkanda ukilegea utafikiri betri imekwisha.

Kwenye kabureta nitakuwa mkali kidogo. Ile ya asili ina sindano mbili unazorekebisha kwa mkono, moja ya mbio juu na moja ya sailensa (injini ikinguruma taratibu bila kazi) ubavuni. Nilishawishika na nakala mpya ya bei rahisi ya mtandaoni, muuzaji simtaji. Injini ikaimba, ikakohoa, ikazima ikipata moto. Nikaitupa, nikaloweka ile ya zamani, nikanunua kifurushi cha gasketi na sindano, na hadi leo haijanisumbua. Kama ya asili haijapasuka mwili, usiibadilishe.

Petroli nayo. Ya kawaida huku ina ethanoli, na ikikaa kwenye kabureta miezi ya baridi inaacha ukoko na kula mipira. Bahati ya Minnesota, vituo vingi vina pampu ya petroli isiyo na ethanoli, sheria inairuhusu kwa magari ya kumbukumbu na injini ndogo. Ni ghali zaidi kwa galoni lakini trekta kama hili halinywi sana.

Udhaifu wake mkubwa ni ndani kabisa. K301 haina pampu ya oili. Konrodi ya aluminiamu, fimbo inayounganisha pistoni na kranki, imekaa juu ya kranki bila beringi za kubadilisha, na chini yake kuna kijiko kinachorusha oili huku na huko. Oili ikipungua, au ukikaa muda mrefu kwenye mteremko mkali, konrodi inavunjika na kutoboa bloku. Angalia kijiti cha oili kila unapowasha. Kila. Habari njema ni kwamba bloku ni ya chuma cha kumimina: silinda inaborika (tundu lake linapanuliwa) mara kadhaa, pistoni kubwa zaidi zipo hadi inchi 0.030, na konrodi ya tundu dogo kwa kranki iliyochongwa ipo pia. Yangu nilimpelekea fundi wa mashine mjini, akabori na kuchonga kranki kwa uangalifu ambao sikuutegemea kwa injini ya bustani. Malipo yake yalizidi bei ya trekta lenyewe. Ndivyo burudani hii ilivyo.

Vingine havina maneno mengi. Pini za kwenye shafti ya klachi huliwa na matundu yakawa ya yai, utasikia kelele ukikanyaga pedali. Usukani huwa na pleyi, unakazwa. Usalama ni wa zama zile: hakuna swichi chini ya kiti, ukianguka visu vinaendelea kuzunguka. Watoto wangu hawapandi.

Kazini je? Nyasi inakata vizuri tu, si kwa haraka. Raha yake iko Januari. Minyororo kwenye tairi, vizito kwenye rimu, gia ya kwanza, na theluji ya njia ya gari inasogea huku jirani mwenye mashine mpya ya plastiki anahangaika.

Ubaya wa hobi hii ni kwamba moja haitoshi. Nina Wheel Horse sasa, na kuna Cub Cadet 102 inayosubiri ekseli. Mke wangu alisimama mlangoni mwa gereji akaniuliza, "Baba Neema, hilo nalo linaingia wapi, au gari ndilo litalala nje?" Gari linalala nje. Mwisho wa Agosti na mwanzo wa Septemba, wikiendi ya Labor Day (sikukuu ya wafanyakazi ya Marekani), tunaenda Rollag, hukuhuku Minnesota, kwenye maonyesho ya mashine za mvuke, na hapo ndipo yeye hukiri kwamba hizi ndogo zinapendeza. Mimi sipaki rangi mpya. Njano iliyopauka ya miaka sitini huwezi kuinunua.

Mdogo wangu yuko Mbarali, analima mpunga. Nilipomtumia video akasema, "Kaka, tupia kwenye kontena, pawatila yangu imechoka." Nikamwambia aachane na wazo hilo: ni la petroli, tumbo liko chini, na kwenye tope la majaruba lingelala siku ya kwanza. Dizeli yake ya pawatila imetengenezwa kwa kazi ile, hili limetengenezwa kwa uwanja wa nyumba.

Ukienda kuangalia moja, fungua kizibo cha oili cha giaboksi. Oili ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia kupitia kwenye mpira wa leva ya gia. Inamwagika na kubadilishwa, ila tumia hiyo kushusha bei. Zungusha visu vya deki kwa mkono usikilize beringi. Na kama haina deki kabisa, usivuke dola 200, hata rangi ing'ae vipi, kwa sababu deki ya peke yake utaitafuta msimu mzima na mwenye nayo anajua.