Kitabu cha Rejea cha Python Kilichonizungusha Kwenye Faharasa

Kitabu cha rejea hakisomwi kama hadithi. Hununuliwa ili siku programu inapogoma mtu akifungue mahali panapomhusu, apate jibu, kisha aendelee na kazi yake. Kwa hiyo, kuhusu hiki changu cha Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, sitazungumzia idadi ya sura zake wala ubora wa karatasi, kwani hayo yameandikwa kila kinapouzwa. Nitazungumzia kurasa zake za mwisho, yaani faharasa, kwa sababu ndizo zilizonipandisha hasira ambayo hadi sasa haijashuka.

Nilikuwa nikiandika programu ndogo ya kukokotoa wastani na kuukadiria hadi namba kamili iliyo karibu. Wastani wa 3.5 ukawa 4, ila wa 2.5 ukawa 2. Nikaiandika hesabu hiyo peke yake, round(2.5), na jibu likabaki lile lile. Hili ni swali ambalo kitabu cha rejea kinapaswa kulijibu ndani ya dakika moja. Nikatafuta round, jina la fanksheni yenyewe (kipande cha programu kinachoitwa kwa jina ili kifanye kazi fulani), katika faharasa, halikuwamo. Nikatafuta "kukadiria", nikaambiwa nitazame "namba". Nikaenda kwenye "namba", na chini yake, kwa herufi za mlazo, pameandikwa: tazama "kukadiria". Hakuna nambari ya ukurasa huku wala kule. Najua kwamba wanaoandika programu wana utani wao wa zamani wa kuweka katika faharasa neno linalomrudisha msomaji kwenye neno hilo hilo, na utani huo hunichekesha unapokuwa utani. Hapa palikuwa na uzembe tu wa mtu ambaye yamkini aliiachia kompyuta imtengenezee faharasa, na asirudi kuisoma.

Ilinibidi kupekua sura nzima ya namba, na nilipoipata mada yenyewe ikawa heri nisingeipata. Mfano uliochapishwa unaonyesha round(2.5) ikitoa 3.0. Hilo ni jibu la Python 2, toleo la zamani la lugha hiyo. Katika Python 3, iliyotoka mwaka 2008, namba iliyo katikati kabisa hukadiriwa kuelekea namba shufwa, ndiyo maana 2.5 huwa 2 na 3.5 huwa 4. Kanuni hiyo ina sababu ya msingi: kila nusu ikipandishwa, jumla ya namba nyingi huelemea juu, lakini nyingine zikipanda na nyingine zikishuka, upotofu hupungua. Aya moja ingetosha kuyaeleza hayo. Jalada la kitabu linatangaza kwa herufi kubwa kwamba kila kilichomo ni cha Python 3, na Python 2 yenyewe watunzaji wake waliacha kuihudumia tangu tarehe 1 Januari 2020. Hata ile .0 inatosha kumfichua mwandishi, kwa kuwa round ya Python 3 isipopewa idadi ya desimali hutoa namba kamili. Sina shaka kwamba mfano huo ulinakiliwa kutoka toleo la zamani, ukawekewa mabano kwenye print, amri ya kuonyesha matokeo, ili ufanane na mambo mapya, na haukuendeshwa hata mara moja.

Ningependa kuishia hapo na kukiita kitabu kibovu, lakini sura ya fanksheni inanizuia. Ndani yake kuna maelezo ya jambo linalowasumbua wengi: fanksheni inapopewa orodha tupu kuwa thamani ya awali, yaani inayotumika usipoipa nyingine, ukiiita mara ya kwanza na kuongeza 1 unapata [1], na ukiiita mara ya pili na kuongeza 2 unapata [1, 2], ingawa ulitarajia [2]. Mwandishi anaonyesha, hatua kwa hatua, kwamba orodha hiyo huundwa mara moja tu fanksheni inapotangazwa, si kila inapoitwa, kisha anaeleza kwa nini ni salama zaidi kuweka None, yaani alama ya "hakuna kitu", na kuiunda orodha ndani ya fanksheni. Sijaona jambo hili likielezwa kwa utulivu kiasi hicho mahali pengine. Kwa sura hiyo peke yake nilikuwa tayari kusema kinunuliwe.

Kisha likaja jibu la mchapishaji. Nilikuwa nimemwandikia kwa adabu, nikataja ukurasa, na kuuliza kama ipo orodha ya masahihisho. Nilijibiwa, baada ya kungoja sana, kwamba kitabu kimekusudiwa wanaoanza na kwamba msomaji anashauriwa kukisoma kwa mpangilio tangu sura ya kwanza. Kuhusu ile 3.0, hakuna hata neno. Ni kama kumwagiza anayetafuta neno katika kamusi aanzie herufi A! Nisome tangu mwanzo ili nilifikie jibu lisilo sahihi nikiwa nimejiandaa vizuri? Pendekezo langu nalifuta.

Nyaraka rasmi za Python, ambazo ni za bure kwenye intaneti, zinaitaja kanuni ya namba shufwa waziwazi, tena zinaonya kwamba round(2.675, 2) hutoa 2.67 badala ya 2.68, kwa sababu desimali nyingi haziwezi kuhifadhiwa kwa ukamilifu ndani ya kompyuta. Ni kavu, hazimbembelezi msomaji, na pengo hilo ndilo tunalolipia vitabu vilizibe. Anayetaka kununua kitabu cha namna hii aanzie nyuma: atafute katika faharasa jambo lililokwisha kumkwamisha, ahakikishe ukurasa anaoelekezwa unalizungumzia, kisha auendeshe mfano wake mmoja. Mfano mzuri wa kupimia ni -7 // 2, yaani kugawanya na kushusha jibu hadi namba kamili iliyo chini yake, ambao jibu lake ni -4 na si -3 kama wengi wanavyodhani. Nilikipima kitabu hiki kwa mfano huo nikitumaini kukikamata tena, nacho kikatoa -4 pamoja na maelezo safi kabisa, jambo lililonikera zaidi.

Basi aliye nacho asikitupe. Mimi nitaendelea kukitumia kwa ile sura ya fanksheni, lakini kumpendekezea mtu akinunue, hapana, angalau hadi mchapishaji atoe orodha ya masahihisho niliyoiomba.