Lenzi ya Canon EF 100mm f/2.8L Macro IS USM mbele ya tangi la matumbawe

Lenzi ya Canon EF 100mm f/2.8L Macro IS USM, ya kupigia vitu vidogo kwa karibu, iliyotoka mwaka 2009, imesifiwa sana na wapiga picha wa maua na wadudu, na sifa hizo inazistahili. Mwenye tangi la maji ya chumvi nyumbani, hata hivyo, ana maswali yake, kwa kuwa kati ya lenzi na samaki wake pana kioo, pana maji, na juu yake pana taa ya buluu ambayo jicho huizoea upesi lakini kamera haiizoei kamwe. Nimeitumia kwa muda mrefu kwa kazi hiyo tu, na naiona kuwa chombo bora, ingawa kile kinachotangazwa zaidi kuihusu ndicho kinachonisaidia kidogo zaidi.

Hicho ni Hybrid IS, mfumo wa kutuliza picha ambao Canon waliuweka kwa mara ya kwanza katika lenzi hii. Hufidia mtikisiko wa mkono wa aina mbili, kamera inapoinama na inapoteleza kando, na Canon wenyewe hutaja faida ya stopu nne (kila stopu huruhusu shata kukaa wazi mara mbili zaidi) kwa umbali wa kawaida, ambayo hushuka hadi stopu mbili kitu kinapopigwa kwa ukubwa wake halisi, yaani taswira yake kwenye kihisi ikilingana nacho. Kwa Acropora na matumbawe mengine magumu, yasiyotikisika, stopu mbili si haba. Kwa samaki ni habari nyingine. Centropyge acanthops, yule samaki mdogo wa pwani ya Afrika Mashariki mwenye mgongo wa rangi ya chungwa na mwili wa buluu, hajui kutulia: huingia nyuma ya jiwe na kutokea upande mwingine wakati mpiga picha bado anatafuta fokasi. Anahitaji kasi ya shata ya 1/200 ya sekunde au zaidi, na kwa kasi hiyo mtikisiko wa mkono si tatizo tena. Nyuzi laini za Euphyllia, aina nyingine ya tumbawe, nazo huyumba kwa mkondo wa maji, na dawa yake ni kuzima pampu za mkondo kwa dakika chache, jambo lisilogharimu hata senti moja.

Jambo ambalo mnunuzi hana budi kulielewa kabla ya kutoa fedha ni umbali. Kitabu cha maelezo kinasema kwamba umbali mfupi kabisa wa fokasi ni sentimita 30, lakini umbali huo hupimwa kuanzia kihisi kilicho ndani ya kamera. Ukitoa unene wa kamera na urefu wa lenzi, mbele ya lenzi hubaki takriban sentimita 13. Hapo maji hutufanyia hisani: kwa sababu hupinda mwanga, kitu kilicho ndani yake huonekana kuwa karibu zaidi, kwenye robo tatu hivi ya umbali wake wa kweli. Kwa hiyo tumbawe lililo kiasi cha sentimita 16 nyuma ya kioo bado linaweza kupigwa kwa ukubwa wake halisi, ilimradi lenzi iguse kioo au ikikaribie sana. Koloni lililopandwa katikati ya tangi pana halitafikiwa kwa ukubwa huo, na mwenye kutaka kupiga picha polipu (vijidudu vinavyounda tumbawe) moja moja afadhali afikirie hilo anapopanga mawe yake.

Maji hayohayo yanayotusaidia huadhibu uzembe. Lenzi ikielekezwa kwa mshazari, picha hupoteza ukali na kingo za vitu huzungukwa na rangi zisizo zao, hata ikiwa lenzi yenyewe haina dosari, na wengi huishia kuilaumu lenzi bure. Kioo kitazamwe kwa pembe mraba, kisafishwe ndani na nje, na taa za chumba zizimwe. Ikumbukwe pia kwamba kwa ukubwa halisi na tundu la lenzi la f/8 kina cha sehemu iliyo katika fokasi hakizidi sana milimita moja, na mwanga unaokifikia kihisi hupungua hadi karibu robo ya ule wa umbali wa mbali. Ndiyo maana taa ya tangi inayoonekana kali mno kwa macho huwa hafifu kwa kamera.

Sehemu ninayoipenda kuliko zote ni swichi ndogo ubavuni, inayobana fokasi kati ya sentimita 30 na 50, au kuanzia 50 na kuendelea, au kuiacha huru. Ikiachwa huru mbele ya tangi, lenzi huenda hadi mwisho na kurudi, samaki akiwa amekwisha kuondoka. Ikibanwa ipasavyo, hupata fokasi kwa haraka na bila kelele.

Kuhusu rangi, lenzi haina la kufanya. Taa za LED za matangi ya matumbawe hutoa mwanga mwingi wa buluu, na mizani ya rangi ya kamera za Canon inayowekwa kwa mkono huishia kelvini 10,000 (kipimo cha rangi ya mwanga), kiwango kisichotosha kuusawazisha. Nyuzi za kufungia vichujio mbele ya lenzi zina kipenyo cha milimita 67, hivyo kichujio cha rangi ya chungwa hupatikana kwa urahisi. Bado napendelea kuongeza mwanga mweupe wa taa na kuhifadhi picha katika faili za RAW, zenye data ghafi ya kihisi, ambazo rangi zake hurekebishwa baadaye. Kifuniko cha mwanga kinachokuja nayo, ET-73, ni kirefu mno kwa kazi hii na hula zile sentimita chache zinazohitajika, basi ni bora kununua cha mpira, ambacho hubanwa kwenye kioo bila kukikwaruza.

Kwa mwenye bajeti ndogo, ile EF 100mm f/2.8 Macro USM ya mwaka 2000, isiyo na mfumo wa kutuliza, hufika ukubwa uleule na hupatikana ikiwa imetumika kwa bei nafuu zaidi. Swichi yake haina nafasi ya kubana fokasi karibu pekee, na hilo ndilo ningelikosa. Aliye na kamera ya Canon ya mfumo wa R, ule mpya usio na kioo ndani, anaweza kuzitumia zote mbili kwa adapta, au kuchukua RF 100mm ya mwaka 2021, inayofika mara 1.4 ya ukubwa halisi, lakini hiyo ningeipendekeza kwa mwenye matumbawe yaliyo karibu kabisa na kioo.